Riwaya si mtihani: turejeshe ladha ya kusoma hadithi



Ndugu zangu wa Malindi na wa vijiji vyote vya milima hii ya Usambara, leo naomba tuzungumze jambo ambalo ni nadra kuguswa katika kurasa hizi, nalo ni usomaji wa riwaya. Nasema Malindi yetu ya Lushoto, ya ukungu na kabichi, wala si ile ya pwani ya Kenya, wala si mtaa ule wa Unguja. Makala hii haitoi fatwa, kwani fatwa ina wenyewe. Inatoa rai tu, na mwenye rai bora zaidi anakaribishwa.

Rai yenyewe ni hii. Wengi wetu hatusomi riwaya, na sababu si kwamba hatujui kusoma, wala si kwamba vitabu havipatikani kabisa. Sababu ni kwamba tulifundishwa kuzisoma kwa namna inayoua ladha yake. Na ladha ya hadithi ikishakufa, faida yake nayo huzikwa pamoja nayo.

KITABU KILICHOFAULIWA BILA KUSOMWA

Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wa kidato cha tatu na cha nne wamekuwa wakitahiniwa vitabu kama vile Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu cha Abdallah Safari, na Takadini cha Ben Hanson. Mwulize kijana aliyemaliza shule juu ya Takadini, naye aghalabu atakujibu kwa ufasaha: dhamira ni mila zilizopitwa na wakati, ujumbe ni kwamba tusiwabague walemavu, migogoro ni kadha wa kadha. Ukimwuliza kama alikisoma kitabu chenyewe tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, atainamisha macho. Alisoma kitini cha uchambuzi. Akaandika aliyoyakariri, akapata alama, na jambo likaishia hapo.

Sasa tutazame kilichompita. Takadini ni habari ya mama anayeitwa Sekai. Amesubiri mtoto miaka mingi, amevumilia masimango ya kuitwa tasa, hatimaye anajaaliwa mtoto wa kiume. Furaha haimalizi siku. Mtoto amezaliwa na ualbino, na mila ya kwao inasema mtoto wa namna hiyo haachwi akaishi. Sekai hana jeshi, hana hoja ya kuwashinda wazee, hana pa kwenda. Ana mgongo wa kumbebea mtoto tu. Anamfunga mgongoni na kuondoka.

Msomaji aliyetembea naye njia ile hana haja ya kuambiwa ujumbe. Amekwisha kuogopa naye, amekwisha kusikia uzito wa kile kichanga, na amebisha hodi pamoja naye katika kijiji cha ugenini bila kujua kama watapokelewa au watafukuzwa. Lakini aliyesoma kitini amepewa neno moja, "ubaguzi", akalihifadhi kichwani kama anavyohifadhi jina la mji mkuu wa nchi asiyoijua.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Nchi yetu ilipatwa na aibu kubwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, pale watu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Katika jamii iliyopitiwa na hayo, kuna kijana anayeweza kuandika insha nzima juu ya ubaya wa ubaguzi, akapata alama za juu, na bado akasogea pembeni anapokaa karibu na mtoto mwenye ualbino chuoni. Funzo analo, ila Sekai hamjui. Kumjua mtu na kukariri kanuni juu ya mtu ni vitu viwili mbalimbali.

WENYEJI WA MILIMA HII SI WAGENI WA HADITHI

Wapo watakaosema kwamba mambo ya riwaya ni ya watu wa mjini, sisi wakulima wa viazi na karoti hayatuhusu. Hapana. Ukweli ni kuwa dola ya Usambara yenyewe inasimama juu ya hadithi. Nani kati ya wazee wetu asiyeijua habari ya Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, akapanda milima, akawagawia Wasambaa nyama, akaua simba, na mwisho akatawazwa Vugha akaitwa Simba Mwene? Habari hiyo iliandikwa kwa Kiswahili na Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Kilichapwa kwa sehemu huko Magila, chini ya milima yetu, kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20.

Na tukumbuke Mbega alikuwa nani kabla hajawa simba. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Katika jamii nyingi za pande hizi mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa ni nuksi, na mila ilitaka auawe. Basi angalieni: hadithi ambayo wazee wetu waliirithishana kuhusu asili ya utawala wao inaanza na mtoto aliyetakiwa asiishi. Aliyemsikia Mbega kwa babu yake, kisha akamsoma Sekai, atawatambua kuwa wawili hao ni majirani, ingawa mmoja ni wa Usambara na mwingine ni wa nchi ya mbali kusini.

Mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, ambaye kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa kilitoka mwaka 1974, hakuichukua habari ya Mbega kama orodha ya matukio ya siku moja baada ya nyingine. Aliichunguza kama masimulizi yaliyobeba fikra za watu juu ya mtawala, nyama, mvua na nguvu za porini. Wazee waliokuwa wakisimulia walilijua hilo bila kwenda chuo kikuu. Msimuliaji alisema "Paukwa", wasikilizaji wakaitikia "Pakawa", na hapo kila mmoja alifahamu kuwa mlango mwingine umefunguliwa. Hakuna mtoto aliyekatiza katikati kuuliza, "Babu, dhamira ni ipi?" Walisikiliza, wakaogopa, wakacheka, wakaenda kulala na simba wao. Funzo lilikuja lenyewe, pengine baada ya miaka 20.

"RIWAYA NI UONGO"

Hoja hii inasikika mara kwa mara misikitini, nayo inastahiki kujibiwa kwa heshima. Inasemwa kwamba mambo yaliyomo katika riwaya hayakutokea, kwa hiyo ni uongo, na Mwislamu hapaswi kupoteza umri wake kwa uongo. Wengine huongeza aya ya 6 ya Surat Luqman inayokemea maneno ya upuuzi, na kukumbusha habari inayotajwa na baadhi ya wafasiri juu ya Nadhr bin Harith, aliyekuwa akiwasimulia Makureshi hekaya za wafalme wa Uajemi.

Tuanze na uongo. Mwongo ni yule anayekuambia jambo lisilokuwapo akikusudia uamini kuwa lilikuwapo. Mtunzi wa riwaya hafanyi hivyo. Jalada lenyewe limeandikwa "riwaya", na wewe unayefungua kitabu unajua kwamba hakuna mtu aliyesajiliwa kwa jina la Sekai. Hakuna aliyedanganya wala aliyedanganywa. Ama kuhusu Nadhr, kilichokemewa kwake ni kusudi lake: alisimulia ili watu wasiisikilize Qur'an. Kusudi hilo ni haramu hata likifanywa kwa habari za kweli, kwa mpira au kwa siasa.

Kisha tutazame waliotutangulia. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga maqama zake juu ya Abu Zayd, mjanja mwenye ulimi wa dhahabu anayewalaghai watu mji baada ya mji. Abu Zayd ni mtu wa kubuniwa. Hata hivyo wanafunzi wa Kiarabu katika ulimwengu wa Kiislamu walikisoma kitabu hicho kwa karne nyingi, na wanachuoni wakakiandikia sherehe. Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani na kufikia kumjua Muumba wake kwa kutazama na kufikiri. Hawa hawakuwa watu wa mchezo.

Na katika Bukhari na Muslim imo hadithi ndefu ya Ummu Zar'i, ambamo Bi Aisha (R.A) anamsimulia Mtume (S.A.W) habari za wanawake kumi na mmoja waliokaa wakaelezana bila kuficha habari za waume zao, wengine wakiwasifu na wengine wakiwateta. Mtume, pamoja na mzigo wote aliokuwa nao wa umma, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akaitumia kumwambia mkewe neno la mapenzi. Ikiwa yeye alipata wasaa wa kusikiliza habari za nyumba za watu, sisi tuna shughuli gani zilizozidi zake?

Hayo hayamaanishi kwamba kila kilichochapwa kinafaa. Vipo vitabu vya kuamsha matamanio tu, na msomaji ana haki ya kukifunga kitabu wakati wowote. Tena wataalamu wa fasihi wenyewe hutofautisha riwaya pendwa, zile za mapenzi na upelelezi zinazosomwa kwa usiku mmoja na kusahaulika, na riwaya dhati, ambazo kila ukirudia unakuta jambo ambalo hukuliona mwanzo. Lakini aliyezoea kuhukumu kitabu kwa jalada, au kwa aya moja aliyosomewa na mwenzake, huyo hajahukumu kitabu. Amehukumu uvumi.

NAMNA YA KUSOMA

Basi tusome vipi? Nitataja mambo manne, kila moja na mfano wake.

Kwanza, anza na swali la mtoto: kwa nini? Chukua Adili na Nduguze, kitabu kidogo cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Shaaban Robert ni wa mkoa wetu huu wa Tanga, alizaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Humo tunakutana na Adili, liwali mwenye sifa ya haki na huruma. Mjumbe wa mfalme anamchungulia usiku, anamwona akiwachapa manyani wawili bila kuwahurumia, kisha anawalisha na kulia machozi. Kwa nini mtu mwema awachape? Na akishawachapa, kwa nini alie? Usikimbilie kitini. Kaa na swali hilo kama alivyokaa nalo yule mjumbe. Utamu wa kitabu umo katika kutojua, na kila ukurasa unakupunguzia giza kidogo. Utakapofahamu manyani wale ni nani, utafahamu pia kwa nini majina yao ni Hasidi na Mwivu.

Pili, sikiliza kisichosemwa. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari ya nchi inayoelea angani. Humo Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta maarifa, wakarudi nayo, na badala ya kushukuriwa wakaadhibiwa. Hakuna mahali katika kitabu hicho palipotajwa serikali ya kikoloni. Lakini wasomaji na wahakiki wengi wameiona humo, kwani nchi inayomfunga anayeileta elimu haikuwa ya angani peke yake. Msomaji mzuri huuliza: mwandishi huyu anazunguka nini, na kwa nini hawezi kukitaja waziwazi? Na tusidhani swali hilo linawahusu wakoloni tu. Hata jamaa, kijiji na kamati ya msikiti vinaweza kuwa na Majivuno wao.

Tatu, usimdhanie mwandishi kuwa ndiye mhusika wake, wala usidhani kumfahamu mtu ni kumwunga mkono. Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, riwaya iliyotoka mwaka 1999, anamsimulia Yasmini, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa mtu aliyemzidi umri kwa mbali. Yasmini anaikimbia ndoa ile, na jamaa zake mwenyewe wanamfungia mlango. Baadaye anaingia katika maisha yenye ngoma na ulevi pembeni mwake, na wapo wasomaji wa Kiislamu waliokitupa kitabu hapo. Mimi nasema: rudini nyuma kurasa chache, mkautazame ule mlango uliofungwa. Nani aliusukumia nje ule umri mdogo? Si lazima umpongeze Yasmini. Lakini ukiwa baba mwenye binti wa miaka 15, ukaisoma sura ile kwa utulivu, huenda siku posa ikifika mlangoni kwako ukamwita bintiyo na kumwuliza maoni yake, na ukalisikia jibu lake hata akijibu kwa kunyamaza.

Nne, soma na ulichonacho. Sisi watu wa msikitini tuna akiba ambayo wasomaji wengine hawana. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza riwaya iitwayo Paradise, iliyotoka mwaka 1994. Mwaka 2022 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Humo mtoto wa miaka 12 aitwaye Yusuf anachukuliwa na tajiri mmoja kwa ajili ya deni la baba yake. Tajiri huyo anaitwa Aziz. Mke wa tajiri anamtamani kijana huyo, na kanzu ya kijana inachanwa kwa nyuma. Aliyehifadhi Surat Yusuf, sura ambayo Allah (S.W) mwenyewe ameieleza kuwa ina kisa kilicho bora, atashituka tangu kurasa za mwanzo, ilhali profesa wa Ulaya atahitaji maelezo ya chini.

Na hapo ndipo raha ya kusoma inapoanza. Nabii Yusuf (A.S) alitoka gerezani akakabidhiwa hazina za Misri. Yusuf wa riwaya hana wahyi wala hana mfalme wa kumfasiria ndoto, na Wajerumani wamekwisha kuingia nchini. Njia yake inaishia kwingine kabisa. Ni wapi, msomaji akajionee. Mwandishi hakukusudia kushindana na Qur'an, na hakuna awezaye. Amechukua mtoto wa kawaida wa nchi hii na kumwekea pembeni jina kubwa, ili tupime urefu wa kivuli. Nani atakayekipima vizuri zaidi kuliko anayeijua sura ile kwa moyo? Kitabu kile kinatungoja sisi, nasi tumewaachia wengine wakisome.

TUANZE WAPI

Usiku wa Malindi ni mrefu, hasa Juni na Julai, baridi inapowafukuza watu barazani mara baada ya Isha. Muda huo sasa unakwenda kwenye simu. Sisemi simu itupwe. Nasema kurasa kumi kwa usiku mmoja haziwezi kumshinda mtu, na kwa mwendo huo vitabu vingi nilivyovitaja vitamalizika kabla ya mwezi kwisha, na Adili na Nduguze mapema zaidi.

Vitabu visipotosha, kimoja kinatosha nyumba nzima: mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Kiswahili cha Shaaban Robert kiliandikwa kwa masikio, na bibi asiyejua kusoma atakifaidi pengine kuliko mjukuu wake anayesoma. Wanafunzi wanaorudi likizo kutoka Tanga na Dar es Salaam watuletee kitabu kimoja kila mmoja, badala ya kutuletea habari tu. Walimu wetu, wa shule na wa madrasa, nawaomba jambo moja dogo: mkimaliza kusoma sura na watoto, msiulize kwanza "tumejifunza nini?" Ulizeni, "ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Kisha nyamazeni mwasikilize. Mtajua mengi juu ya watoto wenu ambayo mtihani haujawahi kuwaambia.

Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Tabu yetu ni kwamba tumewalisha vijana maelezo juu ya asali, tukawatahini rangi yake na uzito wake, kisha tunashangaa kwa nini hawaitaki. Tuwape waonje.

Wabillahi tawfiq.